Wa Mwisho Kushuka

Mwalimu Donati alikuwa amefundisha watoto wa misheni miaka nenda rudi, wakiwemo wale wa kusinzia na wale wa kulia ovyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpandisha hasira kama shemeji yake Fulgensi.

"Tuanze tena," alisema. "Mtu anakaa mbele. Alichofanya kinafuata. Nafasi yake inakuja nyuma. Ai. Kemu. Fasti. Mimi nilifika wa kwanza."

"Ai kemu lasti," alisema Fulgensi.

Donati alifumba macho. Walikuwa wamekaa nyuma ya ghala la mpunga ambalo Waingereza, tangu waingie Ifakara, walilifanya kambi ya wapagazi. Wajerumani walikuwa bado Mahenge, ng'ambo ya mto, na walipokuwa wakirudi nyuma walimchukua Fulgensi, mvushaji wa Kivukoni, wakamtwika mzigo. Akatoroka. Aliwaamsha wenzake watatu, akauchomoa mtumbwi aliokuwa ameuficha matetini, akawavusha alfajiri mbele ya bunduki za Waingereza. Mtu wa namna hiyo angepokelewa kwa ngoma. Kumbe Waingereza nao walikuwa wanatafuta wapagazi.

Mmoja tu angepona. Kapteni alitaka mtu wa kuendesha kivuko, akasema kwamba katika kila kundi la watoro, aliyefika wa kwanza ndiye aliyeongoza wengine, basi huyo ataachwa Kivukoni kwake. Waliobaki watabeba mizigo kwenda njia ya Mahenge. Ifakara nzima ilijua njia ile inavyokula watu, kwa njaa na kwa tumbo la kuhara, na kwamba waliorudi walirudi mifupa mitupu. Tena mkalimani wa kapteni alikuwa amenaswa akiuza majibu, akafukuzwa. Sasa kapteni hakumwamini mkalimani yeyote. Alitaka kila mtu aseme mwenyewe, kwa Kiingereza, asikie kwa masikio yake.

Donati alikipata Kiingereza hicho kwa koplo mmoja wa Nyasa, askari wa Waingereza, kwa malipo ya jogoo wake mwekundu, na akakipenda. Kijerumani kilikuwa kimemzoesha kungoja mpaka mwisho wa sentensi ndipo ajue mtu amefanya nini. Hiki kilikuwa kifupi, hata ile "wa" ya wa kwanza hakikuihitaji. Angemfundisha Fulgensi maneno yale matatu, akanyamaza, mambo yangekwisha. Lakini mwalimu ni mwalimu. Alimpa safu yote: fasti, sekondi, thedi, mpaka lasti, wa mwisho. Sasa alitamani ajing'ate ulimi.

"Nani amekutuma useme lasti?"

"Ndivyo ilivyokuwa, shemeji. Hilari aliruka hata mtumbwi haujagusa mchanga. Wakafuata wale wawili. Mimi nilikuwa nimeshika upondo, nauzuia mtumbwi usirudi majini."

"Nani alileta mtumbwi?"

"Mimi."

"Nani aliwaamsha?"

"Mimi."

"Basi ulifika wa kwanza, mtu wa Mungu."

"Nilifika pamoja nao. Nikashuka wa mwisho." Fulgensi alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio uliozidi kumchoma Donati. "Mvushaji akisema ameshuka wa kwanza, maana yake amewaacha watu majini. Unajua mwenyewe."

Alijua. Kila mtu wa mto alijua. Mwaka wa Maji Maji, baba yake Fulgensi alikuwa anavusha akina mama na watoto wakati risasi zinapigwa kutoka ukingoni, na akabaki amesimama na upondo wake, amelowa damu, mpaka mtoto wa mwisho aliposhushwa. Alikufa mumo humo mtumbwini. Watu wa Kivukoni waliisimulia habari hiyo kwa fahari, na Donati mwenyewe alikuwa ameisimulia darasani. Leo aliichukia.

"Kapteni hajui desturi zetu," alisema.

"Wale wanazijua." Fulgensi aliwaelekezea kidevu wenzake watatu waliokuwa wanachoma mahindi.

"Hawajui Kiingereza."

"Wataniuliza nimesema nini. Niwajibu nini?"

"Wadanganye. Ungama baadaye."

Fulgensi alicheka. Donati hakucheka.

Kila asubuhi Balbina, dada yake Donati na mke wa Fulgensi, alifika uani kwa kaka yake, mtoto mgongoni, na wali umefungwa kwenye jani la mgomba ili mwalimu ampelekee mwanafunzi wake. Wanawake hawakuruhusiwa kambini.

"Shikamoo, kaka. Ameshajua?"

"Marahaba. Anaendelea vizuri."

"Hana kichwa kigumu?"

"Kigumu," alisema Donati, "lakini Kiingereza kinaingia."

Siku ya kuulizwa, kapteni alikaa mezani kivulini, uso umemwiva kwa jua. Donati aliruhusiwa kusimama pembeni, mdomo umefungwa. Alikuwa amemwomba Fulgensi jana yake, amemkaripia, mwisho amemshika mikono, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mwanamume mwenzake. Fulgensi alikuwa amemjibu, "Nimesikia, shemeji." Donati alilala na jibu hilo kama ahadi.

Kapteni aliuliza swali lake, nani alifika wa kwanza. Fulgensi alijiweka sawa, akatazama mbele.

"Ai kemu lasti," alisema, polepole na kwa sauti safi. Kisha akamwonyesha Hilari kwa mkono wazi. "Hi kemu fasti."

Hakuna neno lililokaa vibaya. Mtu mbele, alichofanya katikati, nafasi yake nyuma, tena sentensi ya pili ameiunda mwenyewe, hakufundishwa. Darasani Donati angempigia makofi. Kapteni alitabasamu kwa kufurahia ufasaha ule, akamwambia Hilari abaki Kivukoni, Hilari mkulima wa mpunga wa Chita ambaye hajawahi kushika upondo maishani mwake. Fulgensi akapelekwa kwenye mizigo.

Donati alimfikia mstarini. Alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha, kwa lugha tatu.

"Umemfikiria Balbina?" ndilo lililotoka.

Fulgensi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usiku kucha," alisema. Askari akamsukuma, mstari ukaondoka.

Balbina alikuwa anangoja mlangoni kwake, ameshafagia, ameshabandika sufuria ya samaki kwa ajili ya mume. Aliutazama uso wa kaka yake, kisha akatazama nyuma yake, njia ilikuwa tupu.

"Ilikuwaje?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Mumeo alijua. Alijua kuliko mimi niliyemfundisha. Alilijua neno la kumrudisha kwako, akaliweka kando, akachagua lile la mto. Donati alimwona mtoto akicheza na kitambaa cha kichwa cha mama yake, na akashindwa.

"Alikosea," alisema.

"Alikosea nini?"

"Maneno. Aliyachanganya."

Balbina alikaa chini kizingitini. Alilia kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, na alipoinua uso hasira ilikuwa imemjaa.

"Maneno matatu, kaka. Wewe mwalimu mzima, siku zote hizo ulikuwa unamfundisha nini?"

"Sikumfundisha vizuri," alisema Donati.

Balbina alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akamkumbatia kifuani.

"Basi huyu hutamfundisha," alisema, akaingia ndani.