Ufunguo wa Sauti ya Mama

Kasha liliikubali tokeni yangu mpya bila ubishi, likafunguka, na ndani hamkuwa na kitu.

Kasha ndivyo tunavyoiita ofisini ile programu inayotunza nywila na funguo za mifumo yetu. Haimjui mtu kwa sura wala kwa ukoo. Ukiwa na tokeni, ule mlolongo wa herufi unaokutambulisha, unaingia. Usipokuwa nayo, unabaki nje. Wiki nzima nilikuwa nikiijaribu kwenye kompyuta yangu, na kwa kuwa mimi ni mjuaji, nilitaka kuijaribu kwa siri ya kweli. Nikaweka humo ufunguo wa rekodi za marehemu mama, nilizozifunga ili asizisikie asiyehusika: sauti yake ya miezi ya mwisho, akisimulia, akimtania baba. Kisha nikafuta nakala ya ufunguo huo. Ningeuachaje uzagae, mimi ninayewasema wenzangu kila siku kwa kosa hilohilo?

Asubuhi hiyo tokeni ya zamani ilikataliwa. Nikafanya tufanyavyo sote: nikaizima programu, nikaiwasha upya, ikanipa nyingine. Lakini katika hali ya majaribio programu hii haiandiki chochote kwenye diski. Kila kitu hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na ukiizima kimekwenda. Onyo hilo niliandika mwenyewe katika mwongozo wa timu, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito.

Fundi mitandao wa meza ya jirani alivuta kiti, akatazama, akaniuliza nakala iko wapi. Nilimwambia nimeifuta. Tulihangaika pamoja hadi adhuhuri, kisha akaniwekea mkono begani, na hapo nikajua mambo yamekwisha. Rekodi zilikuwapo zote arobaini na moja, nzima kabisa, wala hakuna binadamu awezaye kuzifungua. Nililia palepale mezani, mbele za watu.

Baba alipiga simu mchana kuuliza kama Ijumaa bado ipo, maana ndiyo siku niliyomwahidi kumsikilizisha rekodi hizo. Ukweli wote haukutoka. Nilimwambia tu kwamba mashine imegoma, kwamba haimtambui tena anayeomba.



"Labda ni kwa sababu unaomba wewe, mwanangu," baba akasema. "Hebu iambie anayeomba ni mumewe."