Herufi za Kilabu

Mwaka 1984 hapa Kamuli mchoraji wa maandishi nilikuwa mimi peke yangu, na sitaki mtu anibishie. Herufi zangu zilikuwa na vitambi na mikia iliyojikunja. Nilizinakili kutoka kwenye jalada la santuri, nikaziongezea unene. Kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, cha mzee Elpidius kilikaa nazo ukutani miaka tisa: KWA ELPIDIUS, nyekundu, kila herufi kama imekunywa ikashiba.

Alipofariki, mjane wake Adelgunda aliniita niandike jina kwenye msalaba. "Liwe kama la ukutani," akasema. Nikaandika. Katekista Yustus akaja kukagua, akanuna.

"Projest, huu ni msalaba au kilabu? Padre akiuona hivi, hazikwi mtu hapa. Futa."

Nilichukia, lakini nilikuwa na watoto wawili wanaosubiri ubatizo. Nikafuta kwa mafuta ya taa, nikaandika herufi nyembamba, zimesimama wima kama za kwenye cheti.

Saa nane jeneza likafikishwa kibanjani, katikati ya migomba, kando ya shimo. Wingu lilikuwa limetanda na padre anatazama saa, maana alikuwa na mazishi mengine Mabira. Adelgunda akauangalia msalaba, akauzunguka, akauangalia tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee, mama," nikamwambia.

"Usinidanganye. Jina la mume wangu nalijua." Akakaa juu ya udongo, ukingoni mwa shimo. "Hazikwi chini ya jina la mtu mwingine. Jeneza haliingii."

Yustus akamsomea jina kwa sauti, mara mbili. Adelgunda akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa, na aibu ikanishika. Adelgunda hakuwahi kusoma, wala marehemu. Jina lile walilijua kwa sura, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake.

Nikamnong'oneza padre habari za herufi za ukutani, naye akatoa rozari mfukoni. "Tutasali hii moja," akaniambia. "Wewe andika."

Nikapiga magoti na kopo la rangi. Sijawahi kuandika kwa hofu namna ile. Matone yakaanza nikiwa kwenye D. Yustus akavua koti lake la Jumapili, akalitandaza juu ya msalaba, akabaki amelishika mpaka nikamaliza.

Adelgunda akagusa kitambi cha herufi ya kwanza, rangi ikamshika kidoleni.

"Sasa mshusheni," akasema.