Maneno Niliyompa Baba Mkwe

Waliosimulia habari hii kule Tukuyu wamekwisha kuniita mkamwana asiye na haya. Hewala. Sasa nisimulie mimi, Tusekile, maana yaliyotokea mle ndani nayajua kuliko wao.

Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukisikia anakuja njiani, unaingia migombani mpaka apite. Humgusi, humtazami, na ukivunja mwiko kwa kusudi unarudishwa kwenu na watoto wanabaki kwa ukoo. Mimi nilikuwa na wawili, mdogo ndiyo kwanza kaacha ziwa. Miaka saba niliishi kwa mzee Isakwisa bila kuijua sura yake, na sikulalamika.

Mwaka sabini na tatu mzee akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao ukafa. Mume wangu Ezekia alikuwa Makambako kwenye ujenzi wa reli, kwa hiyo shemeji yangu Jailos ndiye aliyempeleka hospitali Mbeya, mimi nikifuata nyuma na kukaa nje ya wodi. Baada ya wiki tatu wakasema vitanda havitoshi, mgonjwa akafanyie mazoezi nyumbani. Sista Matilda, aliyesimamia mazoezi, akauliza nani kati yetu anasoma vizuri. Jailos akatazama miguu yake. Basi nikafundishwa mimi, kwa kumnyoosha bibi mmoja wa wodi ya wanawake. Tukapatana kwamba kila baada ya wiki mbili nitaandika mgonjwa amefikia wapi, naye atanitumia karatasi ya mazoezi mapya kwa sanduku la posta la shule yetu.

Shangazi yake Ezekia, ambaye ndiye mwenye neno pale nyumbani, akaruhusu kwa sharti moja. Nisimame nje ya ukuta wa mianzi nisome kwa sauti, na Jailos awe ndani amshike baba yake. Nilisema, inua mkono huku umeshika bega, usiuvute. Jailos anauvuta. Nasikia mzee anaguna, roho inaniuma, na kuingia siwezi. Jamani, kumfundisha mvivu usiyemwona ni kazi.

Ulimi ndio ulionipa raha. Karatasi ya Matilda ilianza na pa, ba, ma. Mimi natamka nje, mzee anafuata ndani, na Jailos hapo hahitajiki. Mwezi wa pili mzee akasema maji. Nikaenda migombani nikalia, kisha nikanawa uso nikamwandikia Matilda, naye akajibu nimwongezee maneno mawili mawili. Nilimpenda mzee yule, sioni aibu kusema. Nilimpenda kwa sauti tu.

Mwezi wa tano alikuwa anasimama kwa fimbo. Alasiri moja Jailos akamsimamisha karibu na moto, akamwacha hapo, akaenda zake kilabuni. Nilikuwa nje nachambua kahawa. Nikasikia kishindo, kisha harufu ya nguo inayoungua. Nikamwita Jailos, kimya. Nikasimama pale nikiwafikiria wanangu. Ndipo mzee akasema, taratibu lakini bila kukosea:

"Mkamwana. Njoo."

Nikaingia. Alikuwa ameangukia makaa, na ule mkono uliokufa haukujua kujiondoa. Nikamshika kiunoni kama nilivyofundishwa, nikamvuta, nikamkalisha, nikauosha mkono. Tukatazamana. Kumbe ana macho ya Ezekia. Akaniambia ndaga, yaani asante, na machozi yakamtoka.

Jailos akarudi akatukuta hivyo, na ulevi wote ukamwisha. Hakumwambia mtu ni nani aliyemwacha mgonjwa peke yake motoni. Alikimbia kwa shangazi kusema amemkuta shemeji amemshika baba.

Ukoo ukakutana Jumapili, mimi nimewekwa nje nisikilize. Shangazi akasema jambo lenyewe ni jepesi. Kama mzee aliita, atachinjwa kuku, yaishe. Kama nimejipeleka mwenyewe, nirudi kwetu. Kisha akamgeukia mzee.

"Kaka, sasa unaweza kusema. Ulimwita?"

Sikuogopa hata kidogo. Maneno yote aliyokuwa nayo mzee yule niliyajua, nilimpa moja moja. Neno ndiyo tulikuwa tumelifanyia mazoezi wiki nzima. Lakini mzee angekubali kwamba aliniita, aibu ingekuwa yake mbele ya ndugu zake, mzee mzima kumwita mke wa mwanawe.

"Sikumwita," akasema.

Hakukwama popote. Watu husema asante ya punda ni mateke. Punda mnamwonea bure, yeye hana akili. Mzee Isakwisa akili alikuwa nazo timamu. Ezekia akaandika kutoka Makambako kwamba baba akishasema, yeye hana la kuongeza.

Karatasi ya mwisho ya Matilda ikanifuata kwa baba yangu baada ya mwezi mzima. Anauliza mgonjwa anaweza kusema maneno mangapi kwa mara moja bila msaada. Nikamjibu kwamba mgonjwa amepona, asiniandikie tena.

Wanangu walibaki kule. Yule mdogo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Nasikia sasa anasema vizuri sana, na anayemwita mama ni shangazi.