Gundi Nzito

Watu wa mtaa ule walimwita Msasa, na si kwa sababu ya kazi yake. Msasa wenyewe hakuwahi kuugusa. Fidla haipigwi msasa, hukwanguliwa kwa bamba jembamba la chuma, na ukimwona mtu anasugua fidla kwa msasa ujue huyo ni seremala wa vitanda aliyepotea njia. Jina lilitokana na ulimi. Akikusalimia asubuhi, mpaka jioni bado unawashwa.

Aliishi kwenye chumba cha nyuma ya karakana. Alizaliwa humo, akakiacha alipoolewa, na ndoa ilipomshinda akakirudia akiwa na sanduku moja na maneno mengi. Mbele, upande wa barabara, mdogo wake wa kiume alichonga. Huyo kila mtu alimwita Fundi, hata dada yake. Fidla ikishaungwa, ikiwa bado nyeupe, Fundi aliileta kwenye meza ya dirishani, na hapo ilikuwa mali ya Msasa.

Mti mweupe una kiu, na hilo ndilo tatizo lake. Ukiupaka vanishi hivi hivi huifyonza, hapa sana, pale kidogo, na fidla hutoka na mabaka kama ukuta wa nyumba inayovuja. Kwa hiyo kwanza unaufuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ili nyuzinyuzi zisimame. Zikikauka unazikata kwa bamba, polepole, mpaka upitishe mgongo wa mkono usikwaruzwe na kitu. Halafu unaining'iniza fidla juani iive. Mwisho unaiziba kwa gundi ya ngozi, ambayo nayo ina siri zake, ili vanishi itakapokuja ikae juu isizame. Siri hizo marehemu baba yao alimwachia Msasa peke yake. Fundi alikuwa na pupa tangu utotoni, na mwenye pupa huwezi kumkabidhi gundi.

Kisha Fundi akaoa. Msasa alimwita mke wa mdogo wake "Mgeni" siku ile ile alipotia mguu ndani, na miaka minne baadaye alikuwa bado anamwita hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa hata ufagio wa karakana. Alileta chai, akachukua vikombe, akarudi ndani. Akimwita Msasa "wifi", Msasa alijibu kwa kukohoa.

"Dada," Fundi alisema siku moja, macho yakiwa kwenye patasi kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuyaweka kwingine, "ulipolazwa hospitali kazi ilisimama kabisa. Hakuna aliyejua la kufanya."

"Nimepona sasa."

"Umepona, tunashukuru. Lakini sote ni binadamu. Nataka umfundishe mke wangu. Kuziba tu. Vanishi itabaki yako."

"Leo kuziba tu," alisema Msasa. "Kesho vanishi tu. Keshokutwa utaniambia, dada, hicho chumba tu."

"Nani kataja chumba?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakitaja mimi."

Fundi akacheka, akidhani ni utani. Wanaume wengine hucheka mahali ambapo wangepaswa kukimbia. Msasa hakuwa anatania. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli: hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, hakuwa na kazi nyingine duniani. Alivumiliwa humo ndani kwa ajili ya kile alichokijua. Mgeni akikijua naye, nani angemhitaji dada mwenye ulimi mchungu?

Fidla ya kufundishia ilikuwa ya mwalimu mmoja wa muziki, mama mpole aliyekuwa akipita kila mara kuichungulia dirishani kama anayechungulia mtoto hospitalini. Mgeni alikuja na aproni safi, kajifunga kitambaa kichwani.

"Umenawa?" Msasa akauliza.

"Nimenawa, wifi."

"Nawa tena. Mafuta ya mkono yakigusa mti, doa halitoki mpaka kiama."

Akaenda, akanawa, akarudi.

"Na maji hayo unataka yadondoke juu ya kazi ya watu? Kwenu hamna taulo?"

Mgeni akajifuta. Msasa alimfundisha kulowanisha na kukwangua kama inavyotakiwa, maana Fundi alikuwa pale pale na hilo ni jambo linaloonekana kwa macho. Kilichomuuma ni kwamba mkono wa Mgeni ulikuwa mzuri. Haukukandamiza wala haukutetemeka. Vumbi lililotoka chini ya bamba lake lilikuwa laini kama unga uliochekechwa.

"Nani kakufundisha kushika bamba hivyo?"

"Wewe, wifi. Kila nikileta chai nakuangalia."

"Kumbe tulikuwa tunaletewa chai yenye macho," alisema Msasa, na roho yake ikazidi kuwa nyeusi.

Alisubiri siku Fundi alipokwenda kutafuta mbao. Akaweka sufuria ndogo ya gundi juu ya moto mdogo, akaikoroga kwa kijiti, na akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri kwa shingo upande: "Sasa sikiliza. Hii iwe nzito. Kama asali. Unapaka mara moja tu, unaiacha."

Mgeni akatazama sufuria. "Kama asali? Mbona ya kwako huwa naiona kama maji?"

"Unaiona ikiwa bado ya moto. Gundi ya moto yote ni kama maji. Unataka kufundishwa au unataka kunifundisha?"

"Kufundishwa, wifi."

"Basi asali."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini huu ulikuwa uongo wenye pumzi ndefu. Gundi nzito hupendeza mwanzoni. Hung'aa. Vanishi ikija juu yake hukaa vizuri, kila mtu akasifu, na fidla ikaenda zake. Halafu linakuja joto la ukame, gundi inakakamaa, na vanishi inaanza kubanduka pale kidevu kinapokaa, pale mkono unapopita, kipande kwa kipande. Mwenyewe anairudisha akilia. Fundi anauliza, "Hii nani aliziba?" Baada ya hapo Mgeni angerudi kwenye birika lake, na hakuna ambaye angetaja tena habari ya kufundisha mtu. Msasa alikuwa ameyapanga yote, mpaka sura ya huruma atakayoivaa siku hiyo.

"Kichwa kinaniuma," akasema. "Malizia mwenyewe." Akaenda kulala, mikono yake ikiwa safi.

Jioni Mgeni akasema angependa kuining'iniza fidla chumbani kwake ghorofani, jua la huko ni zuri na gundi ingekauka vizuri kabla ya vanishi. Msasa akakubali upesi. Hakutaka kuiona. Siku zikapita, na akajishangaa kwamba ananyamaza. Muuza mkaa alimpunja waziwazi naye akachukua mkaa wake akaondoka, mpaka muuza mkaa mwenyewe akauliza kama mama yule ni mzima.

Aliyemchoma, bila kujua, ni Fundi. Alikuwa akiandika kikaratasi cha kubandika ndani ya fidla nyingine, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Jina aliloandika lilikuwa la baba yao. Hakuwahi kuandika lake hata mara moja.

"Yule mwalimu kapita," akasema. "Anasema siku ya kwanza atakayoipiga mbele za watu, atawaonyesha kikaratasi. Atawaambia mzee alikuwa nani."

Msasa alijifanya anatafuta kitambaa. Alikuwa tayari kumtupa Mgeni shimoni, ila hakuwa ameona kwamba baba yake amefungwa kwenye kamba ile ile. Fidla ingebanduka ngozi mbele za watu ikiwa na jina la mzee tumboni. Akaona aibu, aibu kavu isiyo na mahali pa kukaa. Alimwomba baba yake radhi kimoyomoyo, na kwa Mgeni hakuomba kitu, kwa sababu Mgeni bado alimchukia yeye Msasa vile vile.

Asubuhi ya kupaka vanishi alitoka chumbani akiwa amekata shauri. Si kusema kweli yote, hapana, tusimsingizie wema. Angesema alisahau. Fundi alikuwa anasafisha meza. Mgeni alikuwa anashuka ngazi, fidla mikononi, imefunikwa shuka.

"Kabla sijapaka," Msasa alisema. "Ile gundi. Kuna kitu nilisahau. Haitakiwi iwe nzito. Ioshwe yote, tuanze upya."

Fundi akaweka chini kitambaa. "Nzito? Nani alisema iwe nzito?" Akamtazama dada yake, na usoni mwake kitu kikaanza kukusanyika, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ambayo hapendi jibu lake.

Mgeni akacheka. Kicheko chepesi, cha nyumbani.

"Wifi bwana! Dawa za hospitali zile zimemchanganya. Si uliniambia mwenyewe iwe nyepesi, kama maji? Nipake mara mbili, na kingo nizilowanishe kwanza zisije zikanywa kupita kiasi? Ndivyo nilivyofanya. Tazama."

Akafunua shuka. Fundi akaipokea, akaigeuza dirishani. Tumbo lilikuwa rangi moja kutoka shingoni hadi chini, na mgongoni mawimbi ya mti yalionekana wazi, hakuna baka, hakuna mng'aro wa gundi iliyolala juu. Akaigeuza tena. Uso wake ukafunguka.

"Dada," akasema, "umemfundisha kweli kweli." Akambusu Msasa kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mazishi ya baba, akatoka nje na simu kumpigia mwalimu.

Msasa alibaki amesimama. Habari ya kingo hakumwambia mtu. Habari ya mara mbili hakumwambia mtu.

"Nani kakuambia?" akauliza.

Mgeni akatoa boksi nyuma ya pazia la ngazi. Ndani mlikuwa na mabaki ya mbao za fidla, marefu na mafupi. Akachukua la kwanza. "Hili nilifanya ulivyosema. Asali. Vanishi niliiba kwenye chupa yako, nikaliweka juu ya jiko siku kadhaa." Akapitisha ukucha. Vanishi ikanyanyuka utepe mzima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. "Hili nikaongeza maji. Hili nikazidisha. Hapa kingo zimekunywa, unaona zilivyo nyeusi. Na hili hapa."

Msasa akalichukua la mwisho, akalipitishia kidole gumba. Halikuwa na kosa. Baba yake angelikubali.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?" Kicheko kilikuwa kimeisha usoni. "Atakasirika siku moja. Kisha utalia, naye atalia, mtakumbushana baba yenu na utoto wenu, mtakumbatiana hapo mlangoni. Na mimi nitakuwa nimesimama hapa na birika la chai. Nawajua. Nyie mkigombana mnazidi kuwa ndugu. Hapana, wifi. Hili ni langu, na simgawii mtu."

"Unataka nihame."

"Uhame uende wapi? Kaa. Chumba ni chako. Ila leo unanifundisha vanishi. Yote."

Msasa angetukanwa angejibu. Angefukuzwa angepiga kelele mpaka majirani watoke. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa alikuwa anakaribishwa abaki, na hilo lilimuuma kuliko vita.

Akavuta kiti. Akaanza. Akasema habari ya utomvu na mafuta, moto uwe mkubwa kiasi gani, povu liwe la namna gani kabla ya kuepua, na kwamba tabaka la kwanza lisiwe na rangi hata kidogo. Akasema hata lile ambalo baba alimwonya asimwambie mtu, la kupasha moto fidla yenyewe juani kidogo kabla ya brashi kuigusa. Hakuficha kitu. Alipomaliza koo lilikuwa limekauka.

"Ni hayo tu?" Mgeni akauliza.

"Ni hayo. Kweli tupu, haki ya Mungu."

"Sawa."

Mgeni akaiweka fidla ya mwalimu pembeni, mahali salama. Akachagua baki jingine la mbao kwenye boksi, lililokwisha kuzibwa gundi, akalipaka kama alivyoelekezwa, akalisimamisha dirishani. Kisha akavuta kiti chake akakaa kando ya wifi yake, na wote wawili wakaanza kusubiri likauke.