Kaburi la Kando ya Lami

Lami ilipofika Chimala, wenye magari walipata wazimu. Kabla ya hapo mtu alitoka Mbeya na gari zima akafika Igawa na vipande, na wala hakuna aliyefikiria kushindana na mwenzake. Sasa palikuwa na sehemu moja nje ya mji, imenyooka, inaanzia kwenye kibao cha mwendo wa hamsini na kuishia kwenye kalvati la kupitishia maji, na madereva wa pikapu waliamua kwamba Mungu aliiweka pale kwa ajili yao.

Walishindana Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani. Magari mawili yalipangwa ubavu kwa ubavu pale kwenye kibao, moja likiwa upande wa watu wanaokuja, na mtu mmoja alisimama kalvati na kitambaa cha kutikisa kama kuna lori linatokea. Aliyetangulia kupita kalvati aliitwa bwana mkubwa mpaka Jumapili nyingine. Trafiki alikuja siku moja, akamshika dereva mmoja, Masunga, na Masunga akamweleza kwa heshima zote kwamba mshale wake wa mwendo ulikuwa hamsini, sawasawa na kibao. Ni kweli ulikuwa hamsini. Ila kibao kilikuwa cha kilomita na gari lilikuwa la kizamani, la maili. Trafiki alicheka mpaka akasahau kuandika, na tangu hapo kile kibao kikawa cha kuanzia mbio tu.

Timotheo Kalinga hakuwa dereva. Alikuwa fundi wa pancha, Mhehe wa Iringa, na kibanda chake kilitazamana na kibao kilekile, kwa hiyo mashindano aliyaona apende asipende. Hakupenda. Zamani huko Iringa aliwahi kusaidia kumtoa mtu kwenye gari lililopinduka, na habari hiyo hakumsimulia mtu yeyote pale Chimala, maana yeye alijulikana kwa mizaha.

Mizaha yenyewe ilikuwa hasa ya Masunga. Masunga alikuwa Msukuma. Alikuja Usangu na baba yake, mzee Bujiku, wakiswaga ng'ombe, kisha yeye akauza baadhi akanunua Pijo pikapu ya kubebea mpunga. Na Wahehe na Wasukuma ni watani, jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Siku ya kwanza walipokutana Timotheo alimvua Masunga kofia yake ya pama, akaivaa, akamwambia ng'ombe watamcheka. Masunga hakuidai, kwa sababu kwa mtani mtu hadai. Badala yake alizunguka sokoni akiwauliza watu kama mbwa wao wametimia, maana Mhehe, anayesemwa kula mbwa, amehamia mjini. Kwa miaka yote iliyofuata hawakuwahi kusalimiana kama watu wazima. Masunga akipita na gari, Timotheo alimuuliza kama hajafa bado. Masunga alimjibu kwamba anamsubiri yeye kwanza.

Ndiyo maana siku ile ya Ijumaa mambo yalikwenda vibaya.

Masunga alileta tairi la mbele la kushoto. Timotheo alilivua, akaziba tyubu, halafu akaingiza mkono ndani ya tairi kama afanyavyo siku zote, na mkono ukasimama. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, kipande kirefu, na kwa nje palianza kuvimba. Kwa mwendo wa kubeba mpunga lingeweza kuvumilia kidogo. Kwa mwendo wa kwenda kalvati lingepasuka, tena mbele, tena gari likiwa kwenye kasi yake yote. Matairi mapya hayakuwepo madukani mwaka ule. Mtu aliomba kibali Mbeya akangoja. Masunga alikuwa anangoja. Na Jumapili alikuwa anashindana na Philbert wa Makambako, ambaye alikuwa amemwacha nyuma mara ya mwisho na hakuacha kulitaja hilo kila alipokunywa chai.

Timotheo akamwambia wazi kwamba tairi limekwisha na kwamba akishindana nalo Jumapili atakufa.

Masunga alicheka kwa raha. Alimwambia Mhehe ana haraka ya kula pilau la msiba. Timotheo alirudia, akamshika mkono akauingiza ndani ya tairi azisikie nyuzi mwenyewe, na Masunga akatoa mkono akasema ameguswa na mchawi. Waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakishona viatu wakacheka nao. Timotheo alibaki na liva ya kuvulia tairi mkononi. Maneno alikuwa ameyasema yote, na kila neno lilikuwa sahihi, lakini yalitoka kwenye kinywa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikimwombea Masunga kifo kila asubuhi. Nani angeyasikia?

Usiku huo hakulala vizuri, na alfajiri akafanya alichojua. Kama mzaha hausikiki, pengine ni kwa sababu ni mdogo. Akachukua jembe, akaenda mita chache kutoka kwenye kibao, akaanza kuchimba kaburi kando ya lami.

Jumamosi ni siku ya watu wengi Chimala, na wote walikuja kutazama. Timotheo alichimba huku akilia kwa sauti, akimsifu marehemu: alivyopenda ng'ombe kuliko watu, alivyokuwa mbishi, alivyojua kuendesha gari kila mahali isipokuwa barabarani. Watu walishika mbavu. Masunga mwenyewe alisimamisha gari, akashuka, akaingia kaburini akalala kupima, akalalamika kwamba miguu inabanwa. Timotheo alipomtazama pale chini, amefumba macho, anatabasamu, aliacha kulia akaweka jembe chini.

Mke wa Masunga, Leokadia, alipita na kapu la sokoni. Timotheo akamsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba tairi ni bovu kweli, amzuie mumewe.

"Mchimbie refu, shemeji," Leokadia alimjibu akicheka. "Si unamwona alivyo na miguu."

Akaenda zake. Timotheo alikasirika, kwanza na Leokadia, kisha na Masunga, na mwishowe na utani wenyewe, huo mtamu ambao sasa ulikuwa umemziba mdomo kama mtu aliyetiwa kitambaa. Aliacha shimo wazi, akarudi kibandani, akakaa na kofia ya Masunga magotini mpaka giza likaingia.

Jumapili watu walijaa pande zote mbili. Philbert alikuwa ameshalipanga gari lake, analikanyagia mafuta hata moshi ukawafikia akina mama waliotoka kanisani. Masunga alikuja nyuma yake, akaingia upande wa pili, mkono nje ya dirisha. Kule kalvati kitambaa hakikuonekana, maana yake njia ilikuwa nyeupe.

Timotheo alitoka kibandani amevaa koti lake la kanisani. Watu wakaanza kucheka kabla hajafika. Wengine waliuliza jeneza liko wapi. Yeye hakuwatazama. Alikwenda mpaka dirishani kwa Masunga, akavua ile kofia ya pama, akaishika kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu anayesalimia wakwe.

"Habari za mchana, ndugu Masunga, mwana wa Bujiku," alisema. "Nimekuletea kofia yako. Nakushukuru kwa kuniazima."

Masunga aliurudisha ndani mkono uliokuwa nje ya dirisha. Alimtazama usoni akitafuta mahali kicheko kilipojificha. Hakukipata.

"Vaa kofia, wewe Mhehe," alisema.

"Mimi na wewe sasa si watani," Timotheo akamwambia. "Nakuambia kama mtu baki. Tairi lako la kushoto halitafika kalvati."

Watu wa karibu walisogea wasikie. Kurudisha kitu cha utani, tena kwa mikono miwili mbele za watu, hakuna aliyewahi kuona. Masunga alipokea kofia kwa sababu hakujua la kufanya nayo. Aliiweka kwenye kiti, akashika usukani, akaachia. Kisha akazima gari.

Philbert alingoja kidogo, akatoa kichwa nje, akauliza kama kuna mtu kafariki. Halafu akaondoka peke yake akipiga honi njia nzima mpaka kalvati, na watu waliokuja kuona mbio wakamzomea Masunga, maana walikosa walichofuata. Masunga aligeuza gari polepole akarudi nyumbani.

Tairi halikupasuka, kwa kuwa halikupewa nafasi, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema Timotheo alikuwa sahihi. Philbert alisimulia mpaka Makambako jinsi Msukuma alivyotishwa na fundi wa pancha. Kibali kilipotoka Mbeya, Masunga alikwenda kufungiwa tairi jipya Igawa. Akipita pale kibandani alisimama, akamuuliza Timotheo habari za kazi. Timotheo alimjibu nzuri, za kwako. Adabu tupu, kila siku, na Timotheo ilimuuma kuliko alivyotegemea. Alikuwa amempata Masunga akiwa hai na kumkosa papo hapo. Lile shimo kando ya lami hakulifukia; majani yaliota ndani yake, na kila alipofungua kibanda alilitazama.

Masika yalipokaribia kwisha, mzee Bujiku akafa kwa uzee wake. Desturi ni kwamba mtani huitwa mapema, aje ashike jembe na kuwachekesha waliofiwa. Timotheo alingoja, hakuja mtu wa kumwita. Mwishowe alivaa koti lake akaenda bila kuitwa.

Alikuta kaburi limeshachimbwa. Wanaume walimpisha bila kumsalimu, wakijua habari yake na Masunga. Masunga alikuwa amesimama upande wa pili, kofia ya pama kichwani, macho mekundu. Timotheo aliona hapa ni mawili, kurudi nyumbani au kuingia. Akaingia. Alilala chali kwenye udongo wenye baridi, akatangaza kwamba mzee Bujiku amemwachia nafasi hiyo na hatoki bila kulipwa jogoo.

Hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Masunga.

Masunga alisogea mpaka ukingoni, na kutoka kule chini Timotheo aliona kwanza miguu yake. Alikuwa amevaa katambuga mpya, viatu vya kuchongwa kwa tairi, na ubavuni nyuzi zilikuwa zimechomoza, zimekatika, zilezile ambazo mkono wa Timotheo ulizigusa siku ile ya Ijumaa. Kumbe lile tairi alilichana mwenyewe. Kumbe nyuzi aliziona.

"Toka humo, Mhehe," Masunga alisema. "Hilo lina mwenyewe. Kama una usingizi, kalale kwenye lile la kwangu. Bado liko wazi."

Watu wakaangua kicheko, hata Leokadia aliyekuwa analia. Timotheo ndiye hakucheka. Alifunika uso kwa mikono akalia palepale kaburini, na wenye msiba walidhani ni sehemu ya utani. Masunga aliinama akampa mkono, akamvuta, na Timotheo alipofika juu kofia ilikuwa imehamia kichwani mwake.