Siku Machicha Yalipokwisha

"Geuza mkokoteni, shemeji," mlinzi alisema, macho yake yakiwa kwenye buti zake. "Machicha hayatoki tena."

Mama Machicha alidhani anataniwa. Mlinzi huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na utani kati yao haukuwahi kukauka. Lakini lango la kiwanda cha bia lilibaki limefungwa, na nyuma ya Mama Machicha wafugaji wenzake walikuwa wameshaanza kunung'unika, kila mmoja na gunia lake tupu.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwenye mtambo mpya. Yanaozeshwa humo yatoe gesi, na gesi ndiyo inayochemshia bia. Kuni basi. Moshi basi. Wageni wamekuja kupiga picha."

"Basi tuwaambie ng'ombe wanywe bia," mmoja alisema kutoka nyuma. Walicheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia mdomoni.

Mama Machicha alitazama juu. Kweli, bomba la moshi lilisimama kimya, mdomo wake mweusi ukiwa wazi kama wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mumewe alifia chini ya bomba lile. Alichochea tanuri kwa magogo tangu ujana wake mpaka kifua kikakataa, akawa anakohoa masizi, analala ameketi, anaomba madirisha yafunguliwe wakati nje ndiko moshi uliko. Baada ya mazishi mjane wake alimwomba Mungu auzime moto ule. Sasa umezimwa, naye amesimama na mkokoteni mtupu, hajui ashukuru au alie.

Nyumbani, Bi Harusi alisikia magurudumu akanyoosha shingo juu ya mbao za zizi. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, mimba yake imekomaa, na kwa maisha yake yote alikula machicha: mabaki ya shayiri, yenye joto bado, yanayonukia kama mkate. Alinusa mkokoteni. Akamnusa na mwenye mkokoteni, mikono, kanga, mpaka kwapani.

"Hamna, mama," Mama Machicha alimwambia. "Leo hamna."

Kiangazi kilikuwa kimeshakausha majani ya kando ya barabara. Mama Machicha aliokota maganda sokoni, akagombania mabua ya mahindi na watu waliokuwa wakimwamkia kwa heshima juzi tu. Bi Harusi alikula alichopewa. Mbavu zilijitokeza hata hivyo, na tumbo likaning'inia chini yake kama mzigo wa mtu mwingine.

Jumapili moja shemeji alikuja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu.

"Nyuma ya ukuta wa kiwanda kuna rundo," alisema hatimaye. "Machicha ya zamani. Mtambo umeyakataa. Usiseme nimekuambia mimi."

"Yana ukungu?"

"Juu, ndiyo. Chini sijui."

Mama Machicha alikwenda. Rundo lilikuwa la kijani juu, jeusi pembeni, na uchachu wake ulimchoma machoni. Alichimba kwa mikono mpaka akafikia yaliyobaki na rangi ya kahawia. Nyumbani aliyaanika juu ya turubai, akachambua, akatupa, akachambua tena. Alijua machicha ya namna hiyo hayafai. Alijua pia jinsi Bi Harusi alivyokuwa akimtazama.

Ng'ombe alikula bila kuinua kichwa. Mama Machicha aliketi ameegemea ukuta akisikiliza ule mtafuno mzito wenye majimaji, na kwa mara ya kwanza tangu lango lifungwe alisinzia kwa raha.

Asubuhi Bi Harusi alikuwa chini, tumbo limekaza kama ngoma, ulimi nje. Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki, akapiga magoti kwenye samadi.

"Gesi imemjaa. Na kuna sumu. Umempa nini?"

Alimwambia. Daktari hakumgombeza; bora angemgombeza. Alitoboa ubavu kwa sindano nene, hewa ikatoka kwa mluzi, lakini macho ya ng'ombe yalikuwa yameshaanza kuwa kioo. Mama Machicha aliweka kiganja pale ndama alipozoea kupiga teke. Alingoja. Aliendelea kungoja hata daktari alipoanza kufunga mkoba wake.

"Msile nyama hii," daktari alisema. "Mzikeni, shimo liwe refu."

Shemeji alivua koti la ulinzi akachimba. Mama Machicha alichimba upande wa pili.

"Ni mimi niliyekuonyesha lile rundo," shemeji alisema.

"Chimba."

"Shemeji, mimi ndiye—"

"Mimi ndiye niliyemlisha. Chimba, jua linapanda."

Walipomaliza kufukia, Mama Machicha alitoka kwenda kwenye bomba la maji kunawa. Mtaa wote ulikuwa umeanika. Shuka nyeupe, sare za shule, vitambaa vya meza, kutoka ukuta hadi ukuta, nje kabisa, mahali ambapo masizi yalikuwa hayajawahi kuruhusu.

"Ona, jirani!" mama mmoja alimwita kwa furaha, kibanio mdomoni. "Tangu asubuhi, na hata doa hakuna!"

Mama Machicha aliitikia kwa kichwa. Shuka ilikuwa imeziba njia. Aliirudisha nyuma mikono yake yenye udongo, akainama, akaisukuma kwa kiwiko, polepole, akapita chini yake.