Mshika Pazia

Siku hiyo pazia nililishika kwa mikono miwili, maana mkono mmoja ulikuwa unaniuma tangu asubuhi. Uliniuma kwa sababu ya baba. Tangu apatwe na kiharusi, upande wake wa kulia umekuwa gogo, na gogo halijiogeshi wala halijigeuzi kitandani. Baba yangu, U Ohn Tin, alikuwa mtu wa miraba minne enzi zake, na ugonjwa haukumpunguza hata kidogo. Nimwinue, nimwogeshe, nimfunge kikoi, nimlishe, kisha nikimbilie sufuria yangu ya mohinga, supu ya tambi ninayouza, kabla wateja hawajahamia kwa jirani. Watu wa mtaa wetu hapa Monywa hunisifu sana. "Khin Nwe, binti wa mfano!" Sifa hazinyanyui mzee.

Kaka yangu mkubwa, Myo Thant, anaishi Mandalay. Ana mke, ana kazi ya ofisini, na ana simu ambayo kila wiki hunipigia kuniambia nimtunze baba vizuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sikukuu ya taa ilipofika, kaka akaja na mkungu wa ndizi na kopo la biskuti. Tukampigia baba magoti, tukainama mpaka mkekani kama watoto wote wafanyavyo mwezi ule, naye akatuombea heri kwa ule mdomo wake uliopinda. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni. Walikuja kumtazama kaka alivyonenepa. Nadhani ule umati ndio uliompandisha mzuka.

"Baba," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "safari hii naondoka na wewe. Utakaa kwangu Mandalay. Mdogo wangu naye apumzike, jamani, amechoka."

Majirani wakaguna kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo, mtu alikuwa amelitaja neno kupumzika na jina langu kwa pumzi moja. Nilianza kuwaza nitakavyolala: nitalala kwa ubavu, nitalala kifudifudi, nitalala mpaka jua linipige usoni na hakuna mtu atakayeniita.

Baba akatafuna maneno kidogo kabla ya kuyatoa. "Mimi sikai nyumba ya mtu ninayemfunga sittuyin," akasema. "Wewe unishinde kwanza, ndipo unibebe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu sittuyin, yaani sataranji, si mchezo wa kupotezea muda, ndiyo iliyotulea. Baba alitufundisha kupanga kete kabla hatujajua kusoma. Na nilijua jambo moja waliokuwa wanacheka hawakulijua: baba sasa alikuwa anachoka haraka, na kaka, kabla ya kuhamia mjini, ndiye aliyekuwa anauchezea mtaa wetu kwenye sikukuu za pagoda. Kaka angeweza kushinda. Nilikimbia kuleta ubao utadhani nyumba inaungua.

Sataranji yetu ina jambo lake. Askari wana mahali pao, hao huwekwa bila mjadala. Lakini mfalme, jemadari, tembo, farasi na magari ya vita, kila mtu huwapanga atakavyo nyuma ya askari wake, na nusu ya ushindi iko hapo. Kuna wanaopanga kwa zamu, huyu akimtazama yule. Baba husema huo ni uchezaji wa watu wanaochungulia sufuria za jirani. Kwetu hupangwa kwa pazia: kikoi chake kikuukuu, na mtu mmoja wa kukishika katikati ya ubao. Mshika pazia anaona pande zote mbili, kwa hiyo sheria yake ni kwamba hana macho wala mdomo. Anaruhusiwa kuuliza tu, "Tayari?" Basi.

Nikasimama. Nikanyoosha kikoi. Jirani yetu mzee, mjomba Hpo Saing, akajisogeza na mdomo wake mwekundu wa tambuu.

"Mwanangu, usitetemeke hivyo, pazia lina upepo," akasema.

"Njoo ulishike wewe, mjomba."

"Mimi? Nitacheka, niharibu mchezo."

Nikamtazama baba akipanga kwa mkono wa kushoto. Akamchukua mfalme, akamweka mbele, peke yake, nyuma ya askari mmoja. Jemadari akampeleka pembeni kule, mbali na bwana wake. Magari yote mawili akayafungia kona, tembo na farasi wake mwenyewe wakiwa wameziba njia. Tulipokuwa wadogo, mpango huo aliuita kumlaza mfalme barazani, na aliyeupanga alipigwa vidole. Nikajiambia: basi, na akili nayo imekwenda. Moyo ulinichoma. Sikuwa nimejiandaa kumuuguza mtu wa kichwa pia.

Halafu baba akainua macho. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu, huu unaouma, akautazama muda mrefu, kisha akamsogeza mfalme wake mbele zaidi.

Hapo nikaelewa. Akili yake ilikuwa nzima kama sahani mpya. Alikuwa anajipanga ashindwe. Baba yangu asiyeipenda Mandalay, anayesema huko hata maji ya kunywa yana haraka, alitaka kufungwa mbele ya mtaa mzima ili mimi nilale. Kuniambia kwa mdomo kwamba ameniona nimechoka asingeweza. Kwao wanaume wa umri wake, hilo halina maneno. Nilitaka kulia. Na nitasema kweli, nilitaka pia kushangilia.

"Tayari, Baba?" nikauliza.

"Tayari."

Nikauliza tena, ingawa si sheria. "Baba, tayari kweli?"

"Nimesema tayari. Mwambie kaka yako afanye upesi, mikono yako imechoka."

Nikageukia upande wa kaka. Mfalme wake alikuwa amelala barazani.

Nilidhani macho yangu ndiyo yaliyochoka. Nikatazama tena. Mfalme mbele, jemadari mbali, magari yamefungiwa kona. Mpango uleule, ule wa kupigwa vidole, na kaka hana kiharusi. Alikuwa anajikuna kifundo cha mguu ili asinitazame. Ameahidi mbele za watu; sasa atafungwa mbele za watu, atasikitika kidogo, na ataondoka peke yake, heshima yake nzima. Hasira ilinipanda, nikaimeza, kwa sababu mshika pazia hana mdomo.

"Tayari, Kaka?"

"Tayari, Nwe."

Nikashusha kikoi.

"Loo!" akapiga kelele mjomba Hpo Saing. "Wafalme wamekuja kusalimiana! Hii sittuyin au harusi?"

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Aliutazama ubao wa mwanawe kipande baada ya kipande, na ule upande mzima wa uso wake ukaning'inia kama ule mwingine. Alikuwa ameelewa haraka kuliko mimi. Nilitamani ningelikishika kikoi kile mpaka jioni.

Hata hivyo akacheza, na alicheza ili ashindwe, bado kwa ajili yangu. Akamtoa tembo mbele ya farasi wa kaka. Kaka akampita, akasukuma askari.

"Kula tembo huyo!" akafoka mjomba. "Yuko mdomoni! Huko Mandalay mnakula majani?"

"Namwogopa, mjomba. Huo mtego," kaka akasema.

"Mtego wa nini? Hata mjukuu wangu anamla huyo!"

Kaka akamtoa jemadari bure. Baba akamwacha. Baba akafungua njia ya kwenda kwa mfalme wake, pana kama ya kupitisha mkokoteni. Kaka akajifanya hakuiona. Wakaenda hivyo, kila mmoja akimbembeleza mwenzake achukue, hakuna anayechukua, mpaka majirani wakaanza kupiga miayo na mjomba akasema hajawahi kuona vita vya watu wenye adabu namna hii. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kikoi mkononi. Hakuna aliyeniambia nikae, na mimi mwenyewe sikukumbuka.

Mwishowe kaka akamtembeza mfalme wake mpaka kwenye njia ambayo gari la baba, lililokuwa limejichomoa kona kwa bahati mbaya, lingemmaliza kwa hatua moja. Hata kipofu angeshinda kwa kupapasa. Baba akalishika lile gari kwa kushoto, lakini hakulisogeza.

"Mwanangu," akasema polepole, "mkeo anajua kwamba naja?"

Kaka akakohoa. "Bado sijamwambia, Baba. Nilitaka kwanza tuone mchezo."

"Aha."

Baba akalisukuma gari. "Mfalme wako amekufa."

Watu wakapiga makofi. "Mzee hafungiki!" kaka akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi ajabu. "Hata nusu mwili hafungiki! Basi, mwakani nitajaribu tena." Akaanza kuangalia saa, akasema basi la Mandalay la alasiri halimsubiri mtu. Akamwinamia baba, akachukua begi lake.

Nikapiga magoti nikusanye kete. Baba akanivuta mkono wa nguo.

"Nilijitahidi kushindwa, mwanangu," akaninong'oneza. "Kaka yako kanizidi."

Niliweka kete ya mwisho kwenye mfuko wake, nikainuka, nikatangulia mlangoni, nikakaa kizingitini. Nilikaa katikati. Mtu hawezi kumruka dada yake akatoka, hata akiwa na begi la ngozi.

"Nwe, nipishe. Basi litaniacha."

"Baba hajaoga," nikasema.

"Si utamwogesha?"

"Mimi nimekaa, Kaka."

Akatazama nyuma. Majirani wote walikuwa bado sebuleni, wanatafuna tambuu. Mjomba Hpo Saing alikuwa ametoa macho kuliko alivyoutolea ubao. Kaka akacheka kidogo, akangoja mtu acheke naye. Hakuna aliyecheka. Akaweka begi chini, akakunja mikono ya shati lake jeupe.

"Maji yako kwenye mtungi wa nyuma," nikamwambia. "Ya moto yako kwenye birika."

Niliwasikia huko uani. Kishindo, kata ikaanguka, kaka akaguna. "Siyo hapo!" baba akafoka. "Shika kwapani! Kwapani! Hujawahi kubeba gunia?" Jirani mmoja akaniletea kikombe cha chai, nikakinywa chote kikiwa bado cha moto, mikono imelala mapajani. Basi lilipiga honi huko barabara kuu, kisha likaondoka.

Kaka alitoka uani baada ya muda mrefu, ameloa mpaka kikoi, mkono mmoja kiunoni, anahema. Akasimama pale nyuma yangu. Sikugeuka.

"Ni mzito," akasema.

"Ndiyo, Kaka," nikamwambia. "Ni mzito."